Birika Kwenye Plagi ya Friza

Haya ni kweli tupu. Atakayekuta chembe ya uongo humu aje adai, mwandishi atalipa.

Saa moja asubuhi fundi wa maabara anafungua friza na kukuta maji. Kazi ya wiki tisa inaelea kama mkate uliolowa kwenye chai. Plagi imechomolewa, na mahali pake umechomekwa waya wa birika.

"Nani alichemsha chai?" anauliza. Sauti ni ya chini, na wanaomjua wanasogea mlangoni.

Ni mkuu wa maabara, jana jioni, kwa ajili ya wageni wake.

Vilivyoyeyuka ni viunzi vya gegedu, ule mto mgumu, wenye utelezi, unaozuia mifupa ya goti isisagane. Fundi huyu, ambaye wenzake humwita Mama Sponji, huvitengeneza kwa unga wa maganda ya kambamiti na nyuzi za hariri. Mchanganyiko hugandishwa polepole, kisha barafu hufyonzwa. Ilipokuwa barafu hubaki vitundu. Chembe hai huhamia humo, hujenga gegedu jipya, na kiunzi chenyewe huyeyuka taratibu mwilini.

"Vitundu ndivyo nyumba," anasema. "Barafu ikiyeyuka kabla ya wakati, nyumba imeanguka. Sasa nimpangishe nani?"

Alhamisi viunzi vinane vilikuwa viwekwe kwenye magoti ya mbuzi. Tarehe ikipita, mradi unafungwa. Na nyumbani yuko mumewe, mbeba mizigo wa ghalani, ambaye goti lake hulia kama bawaba kavu kila apandapo ngazi.

Mkuu anamwita fundi "dada", anamwambia asikasirike, avikaushe tu kwenye oveni. Kwa nje vitakuwa vyeupe vilevile.

"Bosi, hata chokaa ni nyeupe. Itie kwenye goti lako wewe."

Hapo akalivurumisha birika likatoboa dari, likatua juu ya paa, na hadi leo jua likiwaka linachemka lenyewe.

Aliposomewa habari hii, Mama Sponji alisema birika halikuruka hata inchi moja. Alilijaza yale maji ya viunzi, akampa mkuu mkononi, akamtuma akawaeleze wafadhili mwenyewe kilichotokea. Mkuu akaenda, shingo upande. Wameongeza wiki kumi. Friza sasa ina kufuli, na Mama Sponji analala na ufunguo. Safari hii atatengeneza viunzi ishirini na vinne. Mbuzi wakipona, zamu ya watu itafuata, na mumewe keshajiandikisha wa kwanza.

"Mzee, si ulisema utalipa?" akamuuliza mwandishi.

Ndipo mwandishi akaketishwa mbele ya kinu na ndoo mbili za maganda.

"Twanga yalainike," anasema fundi. "Na uinuke polepole. Goti lako nalisikia kutoka huku."