Shali ya Maua ya Kahawa

Nekoye ndiye anamtunza nyanya yangu, tunamwita Cucu, hapa Gitothua tangu niache shule. Mwezi wa tatu binti yake alijifungua huko Bungoma, na kwao ni mama humkanda aliyejifungua. Nekoye akaomba ruhusa.

Cucu akasema, "Nifumie kwanza shali nyepesi, nyeupe na kijani, kama kahawa ikichanua baada ya mvua. Ukimaliza nitakubariki uende."

Nekoye akaweka begi lake nyuma ya mlango. Alifuma akipika, akafuma akingoja Cucu aoge, nyuzi mbili zikipishana vidoleni. Shali ikatoka nyepesi hata ukiipuliza inainuka.

Cucu akajifunika. "Mabega yangu yako nje. Ongeza kidogo."

Akaongeza.

"Na mgongo?"

"Haki Cucu, hii sasa inatosha kufunika ng'ombe," Nekoye akacheka, lakini akaongeza.

Mimi nilikuwa namwangalia Cucu. Hakuwa anasikia baridi. Nekoye akienda dukani tu, Cucu anashika hiyo shali kwa mikono miwili akiangalia mlango.

Juzi Nekoye alikata uzi, akapiga magoti abarikiwe. Cucu akampapasa kichwa. Halafu akauliza, "Na miguu yangu je?"

Nilimfuata Nekoye jikoni. "Anti, enda tu."

"Bila baraka ya mzee? Nimpelekee mtoto laana?"

Akarudi akakaa, akaniomba uzi mweupe. Huko Bungoma mjukuu wake ameanza kukaa bila kushikwa.