Bakuli la Kumbikumbi

Mwaka 1966, mji ulipokuwa bado unazoea jina lake jipya, Safi aliuza vyerehani viwili kati ya vitatu alivyokuwa navyo ili anunue nyumba. Mumewe alipotea katika uasi miaka miwili kabla, na watoto wake wanne walikuwa wakilala chumba kimoja kwa kaka yake. Akinunua vibaya, hakuwa na kitu kingine cha kuuza.

Nyumba aliyotajiwa kwanza ilikuwa mtaa wa Tshopo, mali ya Sébastien, karani aliyekuwa akihamishiwa Isangi. Matundu ya risasi ukutani hayakumtisha Safi. Risasi huonyesha ilipopita. Aliogopa mchwa, anayekula boriti kwa ndani na kuiacha rangi iking'aa kwa nje.

"Nitakuletea Cyprien aikague," Sébastien alisema. "Yeye iko na karatasi na mihuri ya ukaguzi tangu wakati wa Wabelgiji."

"Na iko shemeji yako, papa."

"Bon, shemeji hana macho?"

"Macho iko nayo. Ila inaangalia upande wako."

Kaka yake alimtajia Hemedi, seremala. Huyo naye Safi alimjua: boriti moja mbovu kwake ni kazi ya wiki nzima, na angekuta hata mawe yameliwa. Siku tatu Safi alishona huku akiwaza ni nani angeingia nyumba ile bila kutafuta chake.

Siku ya nne Germaine alipita mlangoni, sinia kichwani. Mwanamke huyu wa Yanonge aliuza kumbikumbi wa kukaanga sokoni. Mvua zilipoanza na mchwa hao wenye mabawa kutoka ardhini, alitega taa na beseni la maji katika nyua za watu, na kila alipovuna alimwachia mwenye nyumba bakuli moja. Ndiyo ilikuwa desturi.

"Mama Germaine, kwa Sébastien unapata?"

Germaine alicheka hadi sinia likayumba. "Pale? Taa ya nini! Wanatoka chini ya sakafu ya chumba cha nyuma kama wanafunzi wametoka shule. Mama wa pale anakula bakuli lake kila mwaka. Kamuulize kama ni tamu."

Safi alikwenda, akauliza. Mke wa Sébastien aliinamisha uso.

"Kumbikumbi ni chakula," Sébastien alidakia, "si mchwa!"

"Alors, inazaliwa na kuku, papa?"

Safi alirudi kwa Germaine. "Sasa nionyeshe nyumba inayouzwa, yenye hupati kitu."

Germaine alikunja uso. "Iko ile ndogo, karibu na msikiti. Miaka mitano, hata kijiko kimoja. Nyumba ya bahili!"

Safi aliinunua.

Mvua ziliporudi, Germaine alipita na beseni lake mbele ya mlango ule bila hata kupunguza mwendo. Watoto walinung'unika kwamba majirani wote wamepata bakuli, wao tu hawana. Safi, mguu ukiwa kwenye cherehani, akawaambia wakale maharagwe.