Vitabu vya Wageni

Nikipita karibu na gunia la majani mabichi ya chai, ile harufu yake ya nyasi iliyokatwa na umande hunirudisha kijijini kwetu Kibugu nikiwa mtoto wa darasa la tatu, anayejua kuimba, kukamua mbuzi na mambo mengine yote isipokuwa kusoma.

Nisiwafiche. Herufi nilizijua moja moja, lakini zikikaa pamoja zilinichanganya kabisa. Mwalimu alikuwa amekwisha kumwambia cucu, nyanya yangu aliyetulea, kwamba nisipojua kusoma kufikia mwisho wa mwaka nitarudia darasa. Hilo lilininyima raha, kwa sababu mdogo wangu Wanja alikuwa darasa la pili, na kwake kusoma kulikuwa kama kunywa maji. Kuketi dawati moja na Wanja, tena yeye ndiye ananisaidia! Afadhali ningehamia msituni.

Mwaka huo klabu moja ya kusaidia jamii kutoka mjini Embu ilituletea katoni za vitabu vya hadithi. Walikuwa watu wenye kazi zao: nesi, mwenye duka la vipuri, watu wa ofisini. Tukawaimbia, tukawalisha mukimo na ndizi, wakaondoka. Mwalimu mkuu akavifungia vile vitabu katika kabati la kioo ofisini kwake. Msimlaumu sana. Kwetu kila nyumba ilikuwa na vikombe vya wageni, vyenye maua, ambavyo wenyeji hunywea kwa macho tu. Cucu aliposikia habari za kabati alicheka, akasema ile methali ya mgeni njoo mwenyeji apone imekwama katikati pale shuleni: mgeni amekuja, mwenyeji bado anaumwa.

Muhula wa pili wageni wakarudi. Mwalimu mkuu akafungua kabati kwa fahari na kuwaonyesha vitabu visivyo na hata doa moja. Yule nesi, Mama Karimi, akafungua kimoja, nacho kikalia kwa upya. Sisi tulikuwa tumejipanga mlangoni tukingoja sifa za shule yetu.

"Mwalimu, hivi ni visafi sana," alisema polepole. "Mimi nilitaka nikuje nipate vimeraruka."

Mwalimu mkuu alijikuna kichwa, kisha, nampa heshima yake, akacheka. Wakakubaliana vitabu vitoke, na wageni wawe wanakuja kutusomesha. Lakini tungesoma lini na hao wageni? Katikati ya wiki walikuwa kazini, na Jumamosi watoto wote wa Kibugu tulikuwa kwenye kituo cha kupimia chai na vikapu vya wazazi, tukingoja gari la kiwandani la kubeba majani, ambalo halikujua saa. Bwana Njeru, yule wa vipuri, akauliza kwani huko kituoni kuna mtu amekataza kusoma.

Basi Jumamosi wakawa wanakuja na katoni zao. Bwana Njeru aliketi juu ya kikapu kitupu kilichopinduliwa, kikilalamika chini ya uzito wake, na kila mtoto akapata zamu ya kusoma kwa sauti. Wakulima walisikiliza, na niwaambie ukweli, hakuna wasikilizaji wakali kama wachumaji chai waliochoka. Ukikwama hawakukucheka. Walitaka tu kujua kilichofuata. "Kisha?" waliuliza, wakakukazia macho. Nilitoka jasho nikiunganisha silabi, maana watu wazima walikuwa wananingoja mimi. Bwana Njeru naye hakunitajia neno hata moja. Alisema polepole ndio mwendo, akafunga mdomo. Pole kwa pole zile herufi zikaanza kusikizana.

Jumamosi moja karibu na mwisho wa mwaka, nilipewa hadithi ya kuku aliyempangisha fisi chumba. Fisi alikuwa ndiyo kwanza anabisha hodi kwa mama kuku, tumbo likimnguruma, wakati gari liliposikika kwenye kona. Watu wakarukia vikapu, kama kawaida, kwa kuwa anayechelewa hupimiwa mwisho. Nikafunga kitabu. Cucu, ambaye kikapu chake kilikuwa cha kwanza kwenye foleni, hakuinuka.

"Nani amekuambia ufunge?" aliniuliza kwa Kiembu. "Hao wapite. Wewe soma mpaka tujue huyo kuku amepona."

Nikasoma. Nilisoma hadi mwisho bila kukwama, mara ya kwanza maishani mwangu, nikishindana na kelele za mizani, na furaha niliyoisikia siwezi kuipima hata leo. Kuku alipopona, gari lilikuwa limejaa. Tukarudi nyumbani na kikapu kizima cha majani, cucu akiimba wimbo wa kanisani, mimi nikimsimulia Wanja hadithi ambayo hakuiuliza. Januari nikaingia darasa la nne.

Wale watu wa klabu nawashukuru kwa vitabu, na zaidi kwa Jumamosi zao, ambazo wangeweza kuzitumia kulala. Lakini sasa nina shamba langu dogo la chai, na najua kwamba majani hayangoji. Yakilala kikapuni hupata joto, hugeuka mekundu, na karani wa kituo huyakataa. Yale ya siku ile cucu alikuwa ameyachuma tangu alfajiri, na mgongo wake ule uliokuwa ukimuuma. Kesho yake, kabla ya kwenda kanisani, nilimwona akiyamwaga yote chini ya migomba, na mimi nikadhani anailisha migomba.