Bangili Iliyochongwa Juzi

Shangazi yangu huinusa bangili kabla hajaitazama. Ndiyo maana mtaani wanamwita Pua, naye huitika bila kinyongo, kwa sababu pua hiyo ndiyo iliyomlisha miaka yote. Watu humletea mapambo ya plastiki ya bibi zao: bangili, bizimu za mikanda, vitana, vifungo vya makoti. Wanataka kujua ni plastiki gani na ilitengenezwaje, na kama imevunjika, aiunge. Mimi, mtoto wa kaka yake, humsaidia Jumamosi kupanga vifungo kwenye makopo. Nina miaka thelathini na minne na watoto wawili, lakini mle ndani ya chumba chake cha kazi bado naambiwa nisiguse.

Upande wa pili wa pazia linalokigawa chumba anafanya kazi Fundi cherehani. Alifiwa na mke zamani. Ni mpole kupita kiasi. Hata mkasi wake mwenyewe akiutaka huuomba. Kwamba anampenda Shangazi, hilo lilijulikana na kila mteja aliyekuja kupunguza suruali. Miaka kumi na minne wametenganishwa na kitambaa tu, na hajawahi kusema neno la maana. Mimi nilikwisha choka kumngoja.

Jumamosi moja, Shangazi akiwa ametoka kununua gundi, Fundi alinivuta kando. Akatoa mfukoni bangili nene, rangi ya asali, iliyochongwa majani kuizunguka.

"Nimeichonga mwenyewe," akaninong'oneza. "Miezi mitatu. Niliinunua mnadani ikiwa tupu."

"Ya nani?" nikamuuliza, nikijifanya hamnazo.

"Wewe nawe! Nataka nimwombe tuishi pamoja. Lakini kwanza aione bila kujua ni kazi yangu. Akiisifu, nitasema. Asipoisifu, basi, nitajinyamazia."

Nilimwambia anakosea. Kumpelekea Shangazi kazi ya mkono ukitegemea sifa ni sawa na kumpelekea daktari kikohozi ukitegemea akisifie. Lakini Shangazi alikuwa amekwisha ingia na gundi yake, na Fundi, kwa ujasiri ambao sijui aliutoa wapi, akamnyooshea mkono.

"Jirani, naomba unitazamie hii."

Shangazi akaketi. Aliigonga taratibu kwenye bangili nyingine, akasikiliza mlio wake mzito. Akaisugua kwa kidole gumba mpaka ikapata joto, akanusa. Kisha akamimina maji ya moto kwenye bakuli, akaizamisha kidogo, akaitoa na kunusa tena.

"Inanuka dawa ya hospitali," akasema. "Hii ni bakelaiti, plastiki ya enzi za mabibi. Ingekuwa seluloidi ningesikia kafuri."

Fundi akatabasamu. Shangazi akapitisha ukucha ukingoni, ndani na nje.

"Haina mshono wa kalibu, ile alama ya chombo cha kumiminia. Majani haya hayakumiminwa pamoja nayo. Mtu amekaa akayachonga kwa mkono."

Tabasamu la Fundi likafika masikioni. Mimi nikaanza kuamini kwamba labda ni mimi niliyekosea. Shangazi akachukua kioo cha kukuzia, akainama dirishani, akaigeuzageuza kwenye mwanga.

"Lakini umetapeliwa, Fundi."

"Nimetapeliwa?"

"Ilipotoka kiwandani ilikuwa nyeupe. Rangi hii ya asali imeletwa na miaka, tena ni ya juu juu tu. Sasa tazama ndani ya mistari. Maziwa matupu! Ingekuwa imechongwa zamani, mistari nayo ingezeeka pamoja na uso. Hii imechongwa juzi."

Hapo ndipo hasira zilipompanda, maana wachongaji wa kughushi hawapatani naye hata kidogo. Hapakuwa na cha msalie mtume.

"Kachukua kitu kizima cha watu akakiharibu, apate kukiuza kama cha kale! Na kuchonga kwenyewe hajui. Anakata kama anayefuata chaki kwenye kitambaa. Jani hili nene, hili limebanwa, na hapa mkono umeteleza akaficha kwa msasa. Huyo mtu aletwe hapa, nimpe zake!"

Nilikohoa. Nilimkanyaga Shangazi mguu. Akaniuliza nina nini. Fundi alikuwa amekwisha shika pazia ili arudi kwake, na roho iliniuma kwa kweli, kwa sababu nilijua akivuka hapo hatasema tena maisha yake yote. Akasimama, mgongo ametugeuzia.

"Nipo," akasema.

"Unasemaje?"

"Huyo mtu. Ni mimi. Sikutaka kuiuza. Nilitaka nikupe."

Shangazi aliitazama bangili, akamtazama Fundi, akaikausha kwa upindo wa gauni. Mikono yake ni mipana. Maelfu ya bangili yamepita mezani kwake, na zote humkwama kwenye fundo la gumba; mwenyewe husema hapendi mapambo, nasi tulimwamini. Sasa alikunja gumba, akasukuma. Bangili ikapita, ikatulia kwenye kifundo cha mkono.

"Kipimo umekipata wapi?"

"Kazi yangu ni kupima watu kwa macho," Fundi akajibu, bado akiliambia pazia. "Na mikono yako nimeitazama sana."

Shangazi akaizungusha bangili mara moja, polepole. Macho yake yalikuwa yamelowa, na hakujali kwamba nayaona.

"Unanipa ili iweje?"

Fundi akageuka. "Ili tuishi pamoja. Kama utakubali."

"Wewe mwanamume," Shangazi akasema, "ungeniuliza tu mwaka ule wa kwanza, ningekubali, na bangili ya watu ingekuwa bado nzima."