Usichungulie Mzinga

Nakumbuka asubuhi moja kule Usinge, mjomba wangu Luhende alipopanda mtini akakuta mzinga wangu wa kwanza mtupu. Mwanangu, alikuwa amenipa niutunze mwenyewe, na asali yake ndiyo ingeninunulia baiskeli. Sasa mimi nilikuwa mdadisi kupita kiasi. Nikipata upenyo tu, nilipanda na moshi wangu, nikafunua mfuniko kuona asali imefika wapi. Nyuki walinichoka, wakahama.

Mjomba hakunipiga, ingawa nilitamani anipige yaishe. Alishuka taratibu, akajipangusa majivu.

"Ulikuwa unatafuta nini humo ndani?"

"Kujua kama asali inaongezeka, mjomba."

"Tazama juu basi. Miti ya miyombo imechanua? Mtoni kuna maji? Asali inaanzia huko. Humo ndani unawasumbua tu wenye kazi yao."

Nililia siku ile. Baiskeli nikaisubiri mpaka msimu mwingine, na hadi leo siwezi kupita chini ya mti bila kuinua kichwa.

Nayasema haya kwa sababu jana ulikuja hapa Ntalikwa, ukaniamkia macho yakiwa kwenye simu. Hisa zako zimeshuka bei, ukasema, unaziuza zote Jumatatu. Ni akiba yako yote ya ushonaji pale Mtendeni, najua inavyouma. Nikakuuliza, hiyo kampuni inauza nini? Ukarudi kwenye simu kutafuta. Hapo ndipo niliposhtuka.

Jumatatu usiuze kwanza, nenda kadadisi. Kama ni saruji, pita madukani uulize kama bado inanunuliwa. Soma taarifa yao ya mwaka. Ukikwama njoo tukwame wote, maana hata mimi natamani kujua. Ukiona maua hayapo, uza bila aibu. Ukiyaona yapo, weka simu mbali. Tenga kidogo kila mwezi, pesa ambayo si ya kodi wala ya chakula. Gawio, yaani fungu lako la faida ya kampuni, likija, ongezea hisa, na za kampuni nyingine pia, kama Mjomba alivyotundika mizinga yake kwenye miti mbalimbali. Siahidi kwamba bei itapanda. Hata yeye kuna miaka alirudi mikono mitupu, akarudi tena porini msimu uliofuata.

Mungu akujalie udadisi wa kuuliza na moyo wa kungoja. Na ukija tena, mwanangu, niamkie ukinitazama.