Nilivyokipandisha Chuo cha Mume Wangu

Mimi na mume wangu tunafundisha somo moja, sayansi ya mazingira, katika vyuo viwili: mimi Mbeya, yeye Iringa. Kazi zilitupata hivyo kabla ya ndoa, na hakuna aliyekubali kumfuata mwenzake. Ijumaa mmoja wetu hupanda basi, Jumapili jioni anarudi. Watu walituonya kwamba umbali utatuvunjia nyumba. Umbali tuliuzoea. Kilichotusumbua ni orodha ya vyuo.

Orodha hiyo hutoka kila mwaka mtandaoni. Inapanga vyuo kwa uzito wa tafiti zao za mazingira, na uzito huo hupimwa zaidi kwa kuangalia makala zao zimetajwa mara ngapi na watafiti wengine. Kwa dunia nzima hatukuwa na pa kujivunia, lakini chuo chetu kilikuwa hatua moja juu ya chao, na hatua hiyo niliitumia ipasavyo. Chumvi ikiisha jikoni nilimwambia, "Aliye chini ndiye anayetumwa dukani." Alikwenda, akinung'unika Kihehe njia nzima.

Kisha akachapisha makala kuhusu mashamba ya mpunga ya Madibira. Alidai kwamba wakulima wa kule wanapoteza maji mengi mno. Niliisoma hadi chai yangu ikapoa. Mimi nimefanya kazi Madibira misimu kadhaa, na maji anayosema yamepotea nimeyaona kwa macho yangu yakirudi mtoni kupitia mifereji ya chini. Nikampigia simu.

"Baba, haya maji yako yamepotelea wapi?"

"Yamepotea tu."

"Yamepanda mlima?"

"Kama una hoja, andika," alisema, nikasikia anatafuna kitu. Kule kutafuna ndiko kulikoniudhi.

Nikaandika. Karibu kila aya nilimtaja: kinyume na anavyodai, tofauti na anavyoamini, bila ushahidi wa kutosha. Kikazi natumia jina la kwa baba yangu, kwa hiyo hakuna mhariri aliyejua kwamba nambomoa mtu ambaye soksi zake zilikuwa zinakauka kwenye kamba yangu.

Makala ilipotoka, watafiti waliuvamia mjadala kama wanunuzi wa soko la Mwanjelwa wanavyovamia belo la mitumba linapofunguliwa. Wengine waliniunga mkono, wengine wakamtetea. Nilifurahi sana, mpaka orodha mpya ilipotoka. Iringa walikuwa wametupita.

Mkuu wa idara yetu, mzee mpole asiyevua koti la suti hata jua likiwaka, alituita kwenye mkutano.

"Nimefuatilia," alisema. "Kilichowabeba wenzetu ni makala moja ya maji. Kila anayeisifu anaitaja, kila anayeipinga anaitaja, na mashine inahesabu vyote sawa, haijui sifa wala matusi. Sasa nikajiuliza, ni nani aliyeanza kuwapigia debe?"

Akawasha projekta. Jina langu likajaa ukutani.

"Mwalimu," akaniuliza taratibu, "huyu bwana alikukosea nini?"

"Ni mume wangu, mkuu."

Chumba kizima kiliangua kicheko. Mkuu mwenyewe alijitahidi kujizuia, akashindwa, akavua miwani na kujifuta machozi.

Ijumaa ile mume wangu alishuka stendi na tenga zima la nyanya.

"Ndaga fijo," akanishukuru kwa Kinyakyusa changu, tena kwa lafudhi mbaya ya makusudi. "Wenzangu ofisini wanakusalimia. Wanauliza utanipinga tena lini."

Nilimwachia tenga lake alibebe mwenyewe. Tulipofika nyumbani nikampa sharti: na yeye anipinge, tena kwa maandishi, chuo changu nacho kipate kutajwa. Alikubali. Alikaa mezani wikiendi nzima, akaandika jibu, akalipeleka kwenye jarida. Lilirudishwa. Mhakiki wao wa makala alisema hoja ni nzuri, ila mwandishi anaonekana kumwogopa mpinzani wake.

"Wamekujua," nilimwambia.

Akajaribu tena, likawa la upole vilevile. Mara ya tatu aliandika tukiwa tumegombana kweli, kwa sababu mimi nilitaka Krismasi ya kwetu Tukuyu na yeye alitaka ya kwao Kilolo. Safari hiyo hakubembeleza mtu. Aliandika kwamba uchambuzi wangu ni wa haraka, wa jazba, na hauna subira ya kisayansi. Walilikubali mara moja. Mkuu wangu alilisoma kwa sauti mbele ya idara nzima, na kila nilipotukanwa wenzangu walipiga makofi.

Krismasi tulikwenda Kilolo. Nilikubali kwa moyo safi, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kumtumia wifi yangu lile jibu, pamoja na maelezo mafupi ya Kiswahili.

Mama mkwe alingoja mpaka tumesali na chakula kiko mezani. Akamgeukia mwanawe.

"Nasikia umemwandika mwenzio vibaya, mpaka Wazungu wamesoma."

"Mama, ule ni utafiti."

"Utafiti gani wa kusema mkeo hana subira? Angekuwa hana subira angekuwa na wewe mpaka leo?"

Alijaribu kueleza habari za kutajwa, orodha, na vyuo kupanda na kushuka. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuonekana mtu mwenye makosa. Alinitazama nimsaidie. Mimi niliinamisha kichwa kama mke aliyeonewa sana, nikatazama ugali.

"Muombe msamaha," mama akaamuru.

Akaomba, mbele ya shangazi zake wote. Kisha mama mkwe akanyoosha mkono, akaitoa firigisi kwenye sahani ya mwanawe na kuiweka kwenye yangu. Nikaila polepole.