Nani Atampikia Akiumwa

Mjukuu wangu anataka kuwa daktari. Tangu Ijumaa ameikalia sebule yangu hapa Qurum, kompyuta mapajani, anachagua chuo. Amechora jedwali. Upande wa kushoto kaandika majina ya vyuo kumi na moja, na juu kaandika mambo anayoyapima: sifa ya chuo, miaka ya masomo, hali ya hewa, saa za safari ya ndege, kama kuna bweni la wasichana peke yao. Kila nikipita na chai ananiuliza, bibi, wewe ungechagua kipi? Nami namjibu kwamba mimi nilisomea ualimu ukubwani, na chuo changu hakikuwa na mwenziwe wa kushindana naye. Lakini jana alipouliza mara ya tatu nilikaa kitako nikamsimulia habari ya dada yangu. Na kwa kuwa nishaianza, kaa na wewe uisikie.

Tulifika Maskati mwaka wa sitini na nne, kwa meli, tukitokea Unguja, baada ya yale mambo ya Januari ambayo nyumbani kwetu hayakuwa yakitajwa kwa jina. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Dada alikuwa na kumi na tisa, na chini ya nguo zake sandukuni alikuwa na cheti cha darasa la kumi na mbili, kimefungwa ndani ya kanga ili kisipate unyevu. Baba aliacha duka, mama aliacha vyombo vya harusi yake, bibi aliacha kaburi la babu. Dada alikuja na kila alichokuwa nacho, kwa sababu alichokuwa nacho kilikuwa ni kile cheti na nia ya kuwa daktari.

Maskati ile usiifananishe na hii. Hapa Qurum palikuwa na mchanga, mikoko na vibanda vichache vya makuti. Wattaya, ambako wanangu huenda kutazama magari mapya, palikuwa na bonde la mawe na mbuzi wanaotafuta kivuli. Sisi tulipanga nyumba Matrah, nyuma ya maduka, yenye ua wa udongo na mtungi wa maji uliotundikwa penye upepo. Asubuhi tuliamshwa na mlio wa kinu cha shaba, jirani anatwanga kahawa, na harufu ya ndimu kavu na papa mkavu iliingia hadi kwenye nywele. Kazi yangu ilikuwa kuchambua mchele na kumpepea bibi. Skuli ya wasichana haikuwapo hata moja, kwa hiyo nilipepea sana.

Na ukitaka kutoka nchini ulihitaji ruhusa ya sultani. Ruhusa ya kwenda kumtazama ndugu ilipatikana kwa kubembeleza. Ya kwenda kusoma, sahau. Walikuwapo vijana waliotoka kwa hila wakaenda vyuoni, na kila mtu alijua kwamba mlango umefungwa nyuma yao. Mama zao wakipika siku ya Idi walilia juu ya sufuria. Hilo dada alilijua, baba alilijua, na bibi, ambaye dada alikuwa mjukuu wake wa kwanza na alimlea kwa mkono wake mwenyewe, alilijua kuliko wote.

Hata hivyo dada aliandika barua. Majibu yalikuja kwa mikono ya wasafiri, yamekunjwa mpaka yamelainika kama kitambaa. Chuo kimoja kilikuwa katika nchi ya baridi, na hicho bibi alikimaliza kwa neno moja: huko watu huzikwa kwenye theluji. Vikabaki viwili, Bombei na Kairo. Bombei walimkubali mara moja. Masomo yalikuwa kwa Kiingereza, na Kiingereza dada alikuwa nacho tele. Tena meli ya Bombei ilikuwa ikitia nanga hapa hapa mbele ya macho yetu, na mimi nilikuwa upande wa Bombei kabisa, kwa sababu meli ile ndiyo iliyoleta maembe.

Kairo ilikuwa mbali, na fomu yake ilikuja kwa Kiarabu tupu.

Hapa sharti nikwambie aibu yetu. Sisi ni Waarabu wa Oman, nasaba yetu baba aliweza kuihesabu mpaka akachoka, lakini Kiarabu chetu kilikuwa cha msahafu na sala. Dada alikhitimu Kurani mara mbili kabla ya kuvunja ungo, lakini akienda dukani kununua chumvi huonyesha kwa kidole. Wanawake wa mtaani walitucheka, si kwa ubaya, lakini kicheko ni kicheko. Atasomaje udaktari kwa lugha asiyoweza kununulia chumvi?

Baba akaamua Bombei. Ikabaki kumwambia bibi. Bibi alikuwa anamenya vitunguu thomu, hakuinua kichwa. Akauliza swali moja tu.

"Nani atampikia akiumwa?"

Baba akasema kuna bweni, kuna wapishi. Bibi akasema hakuuliza habari ya wapishi. Bombei hatukuwa na mtu. Kairo alikuwako ami yetu, mdogo wake baba, na mkewe na watoto wake, ambao walipotoka Unguja walipata meli ya upande mwingine. Bibi hakukataza. Hakuwa mtu wa kukataza. Ila kuanzia siku ile chakula chake kilirudi jikoni nusu, na nilipokuwa nikimpepea mchana nilimwona amefumba macho lakini hajalala.

Siku ya nne dada alikuja akakaa miguuni pake akamwambia, "Bibi, nnakwenda kwa ami." Bibi akamshika kichwa. Jioni bibi alikula sahani nzima.

Ndivyo dada yangu alivyochagua chuo, mwenzangu. Alikuwa na mlango uliokwisha kufunguliwa, akauacha akaenda kubisha mwingine, ili kikongwe apate usingizi.

Sasa ikawa hima ya Kiarabu. Ami aliandika kwamba dada ajitahidi na lugha kabla ya kuja, nasi tukafahamu tulichokifahamu. Mwalimu wa chuoni, yule aliyefundisha watoto wa mtaa Kurani, alikubali kuja kwetu kila siku baada ya alasiri. Alikuwa mzee mwembamba kutoka bara ya Oman, hakujua neno la Kiswahili, na hajapata kumsomesha msichana mkubwa. Aliketi ameupa mgongo ukuta na kututazama kwa pembe ya jicho, dada akaketi mbele yake na daftari, mimi nikawekwa katikati kama mahramu, wasibaki wawili peke yao, miaka kumi na upepeo mkononi. Bibi alimtilia kahawa na kumwekea tende, na kila alipokosea salamu za Kiarabu mwalimu aliitika kama kwamba amesema sawa. Kwa hilo peke yake nilimpenda.

Mwaka mzima. Mwalimu alijua nahau, alijua mashairi ya kale, alijua hukumu za mirathi. Majina ya udaktari hakuyajua, na jambo hilo lilimkosesha raha. Akaanza kuyakusanya. Alimuuliza mwenye kuunga mifupa, alimuuliza muuza dawa sokoni, akaja na maneno mawili matatu kwa siku, ameyashika kichwani.

Idi Kubwa ilipofika baba alichinja mbuzi uani, na kabla ngozi haijamalizika kutoka mwalimu akabisha hodi, na kanzu yake ya Idi, na bakora. Akasema mbuzi asipasuliwe ovyo. Basi baba akawa anatoa kimoja kimoja, anaweka kwenye sinia niliyoishika mimi, na mwalimu anaelekeza kwa ncha ya bakora. Hii kabid. Hii kulya. Hii ria, itie pumzi uone. Dada akaandika ini, figo, pafu, na tone la damu likaangukia daftari. Alipofika kwenye bandama mwalimu alisita, akafikiri, akasema, "Tihal," na uso wake ukachanua. Bibi akapaza sauti jikoni kwamba mafuta yanaungua na ini bado liko skuli. Mwalimu hakufahamu, akauliza tunacheka nini, na dada, kwa mara ya kwanza mbele ya watu, akamweleza kwa Kiarabu kilichonyooka kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Mwalimu akacheka kwa zamu yake. Baba akamtazama dada, kisu amekisahau mkononi.

Aliondoka mwaka wa sitini na tano, mwishoni. Ruhusa ilisema anakwenda Dubai kumuuguza mama mdogo. Bibi alisimama mlangoni kwenye kiti kidogo, maana alikuwa mfupi, akaunyanyua msahafu, dada akapita chini yake mara tatu. Alimpa bati la halwa na mfuko wa visheti. Akamwambia, "Radhi zangu unazo zote. Nenda, usigeuke." Dada hakugeuka. Mimi niligeuka kumtazama bibi, na sikupenda nilichokiona.

Barua ya kwanza ilitufikia kupitia Dubai baada ya miezi mitatu. Mimi ndiye niliyeisoma, kwa sauti, watu wote wamekaa mkekani. Dada alisalimia kila mtu kwa zamu. Alisema mke wa ami anapika vizuri. Kisha akaandika kwamba masomo ya udaktari ni kwa Kiingereza. Vitabu Kiingereza, mitihani Kiingereza, mwalimu wa viungo ni Mmisri mtupu, na akisimama mbele ya maiti husema Kiingereza.

Baba alicheka mpaka akavua kofia akajifutia machozi. Mama hakucheka. Alisema mwaka mzima, mwaka mzima tumemweka mtoto hapa, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kuuliza. Na ilikuwa kweli. Misri ni Waarabu, fomu ni Kiarabu, nani angeuliza? Tulikuwa tunakiogopa Kiarabu hata tukakiona mahali kisipokuwapo.

Bibi alingoja kicheko kiishe. Akasema, "Mwalimu asiambiwe." Na neno la bibi lilikuwa sheria.

Basi nikawa mwongo rasmi wa nyumba. Kila nilipokutana na mwalimu njiani aliniuliza, binti anaendeleaje, maneno yanamtosha? Nami nikamjibu, naam, mwalimu, yanamtosha, wanamsifu. Alitikisa kichwa akaenda zake na bakora, ameridhika. Mara moja alinipa kikaratasi chenye majina ya mishipa, nikitie ndani ya barua. Nilikitia. Dada aliandika kwamba alilia.

Bibi alifariki mwaka wa sitini na tisa, katika joto la Julai, kwa homa ya siku tano. Mimi nilimpepea mpaka mwisho. Siku ya nne aliuliza kama dada anakula. Nilimwambia anakula, mke wa ami anampikia. Akasema alhamdulillahi, akalala. Barua ya msiba ilichukua wiki saba kufika.

Mwaka uliofuata alitawala sultani mpya, nchi ikafunguliwa, na waliokuwa nje wakaambiwa warudi. Kama bibi angengoja mwaka mmoja tu! Nimelisema neno hilo miaka yote hii, na bado linaniuma mahali pale pale.

Dada alikuja kututazama, bado mwaka mmoja amalize. Alikaa chumbani mwa bibi peke yake mchana kutwa, akafungua sanduku lake, akaziweka nguo usoni. Alipotoka aliuliza kama mwalimu yu hai. Yu hai, tukamwambia, ila macho yamekwisha. Akanichukua tukaenda.

Mwalimu alikuwa ameketi kwenye mkeka, chumba kile kile kando ya msikiti. Aliijua sauti yake kabla hajajitaja. Dada alikaa chini akamweleza yote, kwa Kiarabu, tangu barua ya kwanza, na uongo wangu pia, akamwomba msamaha kwa mwaka ule aliompotezea. Mwalimu alipapasa tasbihi, punje baada ya punje. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Kisha akauliza, "Na wagonjwa? Nao hulia kwa Kiingereza?"

"Hapana, mwalimu," alisema dada.

Akamhadithia mgonjwa wake wa kwanza, mwanamke wa shamba, aliyeletwa kashika ubavu na kila aliyemuuliza aliogopa kumjibu. Dada alimwinamia akamuuliza panapouma, kwa Kiarabu cha mwalimu, kilichonyooka kama hotuba ya Ijumaa. Yule mwanamke akacheka na maumivu yake, akasema huyu ametoka wapi, kisha akamshika mkono akaupeleka penyewe. Mwalimu alisikiliza, akasahihisha irabu moja, akaomba kahawa.

Chumba kile sasa ni maegesho ya magari. Mwalimu, baba, mama, wote wametangulia, na dada aliwafuata mwaka juzi, baada ya kuwauliza watu wa nchi hii panapouma kwa miaka arubaini. Nyumba ya Matrah imejengwa upya na ua haupo. Wajukuu zetu wanazungumza Kiingereza na Kiarabu kama maji, Kiswahili wanakisikia tu, na sijui siku nitakapougua nitalia kwa lugha gani ili wanifahamu.

Mjukuu wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka kwenye mbuzi, akafunga kompyuta kwenye homa ya Julai. Leo asubuhi nimepita nyuma yake na chai. Kwenye lile jedwali, mwisho kabisa upande wa kulia, ameongeza safu moja, ameiandika kwa Kiswahili, na ameikosea herufi: nani atanipikia nikiumwa. Nikateremka kwa macho chuo baada ya chuo, vyote kumi na moja, na mbele ya kila kimoja hakuwa ameandika kitu.